Kwa Baba Belarmino, Mgonga Msufi wa Boa Espera

Mwaka umetimia, baba, tangu ulipotoka asubuhi kwenda kugema mpira ukarudishwa adhuhuri kwa machela, na risasi mgongoni. Tulipokuokota, utomvu ulikuwa bado unadondoka kwenye kikombe ulichokitundika. Tunalisema hili wazi kwa sababu huko mjini wapo wanaosema ulikufa kwa homa.

Hukuwa padri wala mwalimu. Ulijifunza kusoma tukiwa tumeshazaliwa sote, na Biblia uliifuata kwa kidole, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba. Ukifika kwenye neno maskini ulisimama na kuuliza, "Hapa wanasemwa akina nani?" Tukijibu kwamba ni sisi, ulisema basi tuendelee, habari ni yetu. Na misitu ya jimbo letu la Acre ilipoanza kuchomwa ili ng'ombe wapate malisho, ulituambia kwamba Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza, na kwamba ng'ombe wote wale hakumpa, maana angelala wapi. Tulicheka sana. Mwenye ng'ombe alipelekewa maneno hayo, naye hakucheka.

Ulikuwa ukiuvulia kofia kila mti wa kastanya, ule utupao njugu zake. Nyama ya mawindo uliigawa njiani, ikafika kwetu mguu mmoja, mpaka mama akakuuliza kama ulimwoa yeye peke yake au ulioa kitongoji kizima.

Kanisa letu halikupata kengele hata siku moja. Wewe ulichukua rungu ukaigonga mizizi ya msufi ulio nyuma ya kanisa, ile iliyosimama kama kuta, na mlio ukasafiri msituni kote: mapigo matatu ya polepole, kisha mawili ya haraka. Hakuna mwingine aliyegonga hivyo. Aliyepotea msituni naye hugonga msufi, na desturi yetu ni kwamba anayesikia lazima aitike. Ulitufundisha tukiwa wadogo: "Usiulize ni nani. Itika kwanza, maswali baadaye."

Sasa tukueleze habari za mama, maana ndizo zilizotufanya tuandike.

Unajua kwamba kila Jumapili, baada ya Injili, tunaita majina ya waliouawa kwa ajili ya ardhi, na watu huitika, "Yupo." Jina lako huita ba' mdogo Damião. Mwaka mzima watu wote wameitika isipokuwa mama. Alisema, "Kama yupo, aitike mwenyewe. Mimi ndiye ninayelala karibu na nafasi yake." Alikuwa na hasira nawe, baba, na sisi pia tulikuwa nayo. Mwezi uliopita alifunga mizigo ili ahamie mjini kwa dada yake. Kila kaya ikasema kwamba mjane wa Belarmino akiondoka, nani abaki? Wote wangeondoka, na msitu ungekwenda na sisi.

Jumapili ya misa yako ya mwaka, baridi ya Juni ilikuwa imeshuka, na ukungu umeingia mpaka ndani ya kanisa. Ba' mdogo aliita jina lako. Watu wakaitika, mama akanyamaza. Ndipo tukasikia kutoka mbali, upande wa njia yako ya kugema, mapigo matatu ya polepole na mawili ya haraka.

Tulitazamana. Kitongoji kizima kilikuwa mle ndani, hata wagonjwa. Mbwa walijikunja chini ya mabenchi. Mapigo yakarudi, yale yale.

"Shemeji, usitoke," ba' mdogo alimwambia mama. "Wanatuvuta nje watumalize."

"Kaka yako alisemaje?" mama alijibu. "Itika kwanza."

Alitoka, akaokota mchi, akaupiga msufi wa kanisa. Kule mbali kukajibu. Akatangulia yeye, sisi nyuma yake, tukigonga misufi njiani na kuitikiwa, hatuoni zaidi ya mgongo wa aliyetutangulia.

Tulimkuta mwanamume wa makamo ameketi kwenye mizizi, midomo imepauka kwa baridi. Jina lake Ezequias, mtu wa jimbo la mbali la Ceará, aliyefukuzwa kwao na ukame, mmoja wa wakata miti wa mwenye ng'ombe. Alikuwa amepotea tangu siku iliyotangulia. Akatueleza kwamba kuna mzee, aliyemwona kwa mbali tu ukunguni, alikuwa akigonga mbele yake. Kila akifika, sauti inahamia mbele zaidi. Ilipofika hapo ikanyamaza, na chini akaona rungu. Akagonga nalo msufi kama alivyokuwa akisikia.

"Yuko wapi yule mzee?" alituuliza. "Nataka kumshukuru."

Mahali hapo ndipo tulipokuokota, baba. Na rungu lilikuwa lako, lile lenye mpini uliolika kwa kidole gumba chako, tulilolitafuta mwaka mzima.

Ba' mdogo alisema huyu ni mtu wao, aachwe. Mama alimvua koti lenye maji, akamvika lako. Jikoni alimpa kahawa na unga wa muhogo, na Ezequias akala huku akilia, akatwambia kwamba kesho yake mashine zingekuja kuanza na msufi wa kanisa. Mama aliinuka. Aliifungua mizigo yake, akarudisha sufuria moja moja mahali pake.

Wakata miti walikuja Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa haujaondoka. Tulikuwa tumeuzunguka msufi, tumeshikana mikono, kinamama mbele, na Ezequias kati yetu amevaa koti lako. Misumeno ilikuwa inanguruma. Msimamizi, bunduki begani, alitutazama akatabasamu.

"Nani mkubwa wenu hapa siku hizi?" aliuliza. "Belarmino yuko wapi?"

Mama aliibana mikono yetu.

"Yupo," mama akasema.

Na nyuma yetu, ambako hapakuwa na mtu, msufi ukagongwa. Matatu ya polepole, mawili ya haraka. Tuliusikia mtikisiko wake migongoni. Mkataji mmoja alizima mashine akavua kofia, kisha wa pili, kisha wote. Msimamizi aliwatukana, lakini alikuwa akirudi kinyumenyume. Wamesema watakuja tena. Sisi tutakuwa hapa.

Unakumbukwa na mkeo Iracilda. Wanao Zenaide, Lindomar na Cleonice. Mdogo wako Damião. Ezequias, anayegema sasa njia yako. Na kaya zote za Boa Espera, ambazo hakuna hata moja iliyohama.

Rungu tumelitundika kanisani. Jumatatu hiyo jioni mama alipolishika lilikuwa na joto la kiganja. Anakuomba upumzike, baba. Jina lako likiitwa, naye sasa anaitika.