Meza Iliyoota Majani Kinoo

Kinoo, nje ya Nairobi

Kwako Mama Nafula, mke wangu,

Habari za huko, na za mama? Mguu wake umepona, au bado unamuuma kila jembe linapotajwa? Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha kushoto, ambacho nyundo inakipenda kuliko msumari.

Uliniuliza kwa nini nimekawia kukuita. Sababu ni meza. Unajua kule mjini, katika duka la samani, kazi yangu ni kupiga msasa tu. Useremala wenyewe nimeuiba kwa macho. Nikasema, nikipata meza yangu ya kazi hapa ninapopanga, nzito, isiyotikisika chini ya randa, nitapokea kazi za watu jioni, nawe utakuja tukae pamoja.

Basi jirani alikuwa akipunguza ua wake, akanipa magogo manne mabichi, manene kama paja. Nikayachimbia nyuma ya chumba, kama kwetu tunavyochimbia nguzo za ghala, nikapigilia mbao juu. Hata fahali asingeitikisa. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisifu, nilijisifu mwenyewe, tena kwa sauti.

Mvua zikanyesha. Asubuhi moja namsikia mwenye nyumba, mjane mmoja aitwaye Mama Njoki, anafoka huko nyuma.

"Baba Nafula! Toka nje! Umepanda miti kwa shamba yangu?"

"Si miti, mama. Ni miguu ya meza."

"Meza gani hii inatoa majani?"

Nikatazama. Kweli, miguu yote minne imeota majani, laini, yananicheka. Kumbe ni ule mti ambao watu wa hapa wanauchomeka tu ardhini, unakuwa ua.

Usicheke bado. Huku mgeni aliyepewa mahali hupanda maharagwe, lakini mti hapandi. Apandaye mti amesema ardhi ni yake. Na siku hizi wapima mashamba wanapita, kila mtu aonyeshe mpaka wake, na shemeji yake Mama Njoki anangoja tu kusikia kwamba mjane ameshindwa kulinda kipande chake, akichukue yeye. Mama Njoki akaniambia, sasa kwa sauti ya chini, "Wakikuta hii, wataniuliza nimempa nani shamba ya mzee. Ng'oa, ama uhame."

Nikang'oa. Jasho lilinitoka kuliko siku ya kuchimbia, maana mizizi ilikwisha kushika. Kisha nikakaa juu ya mbao zangu, sina meza, na safari yako nikaiona inarudi nyuma.

Jioni akaja Mama Njoki mwenyewe, anaburuta nguzo nyeusi kwa moshi. Zilikuwa za nyumba yake ya zamani, ile iliyobomolewa watu walipoamriwa na serikali kuhamia kijiji cha pamoja. Alikuwa amezihifadhi miaka yote hiyo.

"Hizi zimekufa kabisa," akasema. "Haziwezi kuota. Lakini meza isimame juu ya udongo, isiingie ndani. Nataka nikiisukuma, isogee."

Sasa meza ya seremala inayosogea ni meza gani? Nikaipa miguu mipana, nikaifunga kwa mbao za kukingama, na chini nikaweka sanduku lililojaa mawe. Chini ya randa haisemi neno. Ila kila Jumapili, kabla Mama Njoki hajatoka kanisani, nilikuwa nayatoa mawe yote. Anakuja, anasukuma, inasogea, anaenda zake. Nami nayarudisha, nikijiona mjanja kuliko sungura.

Jumapili iliyopita alisukuma, halafu akatazama mikono yangu iliyojaa vumbi.

"Baba Nafula, wacha nusu ya mawe ndani. Utavunjika mgongo bure. Mimi ikisogea kidogo tu, inatosha. Na mama ya watoto anakuja lini?"

Nikamwambia, akishavuna mtama. Basi usinifanye mwongo.

Nisalimie mama, na ndugu yangu mfua bati, na shangazi anayeongoza kwaya, na Nafula umwambie baba anamngoja.

Ni mimi mumeo, ninayebeba nusu ya mawe,
Wafula