Mama, Msiufunike Ule Ufa

Dar es Salaam, Jumapili, katikati ya Septemba. Tangu nipande basi pale Ifakara, masika yamepita mara mbili.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii Sabina akusomee kwa sauti, na akina mama wa jirani wakae wasikie, maana inawahusu nao.

Jana nilipiga simu nikamwuliza huyo binti yangu, "Bibi yuko wapi?" Akasema, "Kaenda kuchimba udongo wa kichuguu. Mhandisi wa halmashauri anakuja kukagua shule." Nilikaa juu ya mfuko wa saruji hapa kazini kwetu ujenzini, nikaanza kuipanga barua hii.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la tano? Mto ulijaa ukaingia darasani, na maji yalipotoka yaliacha ufa kwenye ukuta wa nyuma, mpana hata mkono wangu ulipita. Tukasikia mkaguzi anakuja kuchagua shule zitakazoanza kukarabatiwa. Ulikuwa mbele ya wenzako, khanga kiunoni, udongo hadi kwenye viwiko. Mkaukandika ule ufa, mkapaka chokaa. Mama mmoja akauliza, kwani mgeni akiuona kuna ubaya gani? Ukamjibu, "Wewe, mgeni unampokea uchi?" Mlicheka wote. Nami nilicheka, ndoo ya maji kichwani.

Mkaguzi alikuta kuta nyeupe, uwanja umefagiliwa, na wali kwa kuku. Akala, akasifu, akasema, "Hapa mko vizuri," akaenda zake. Mvua zilipokuja chokaa ikabanduka. Tuliwekwa mwisho, na mwisho ndiko tuliko hadi leo. Sasa Sabina anakaa dawati la nyuma, chini ya ufa uleule.

Sikulaumu. Ndivyo ulivyotulea, mgeni asikute vumbi. Hata mimi huku, mtu akisema anakuja, nafagia kwanza.

Ila ninayoyaona huku yamenichosha kuliko zege. Tunakarabati shule iliyo kando ya lami. Tumeezua mabati mazima tukaweka mapya ya rangi, kwa sababu wakubwa hupita hapo. Nyuma ya soko kuna shule nyingine, sakafu imekwisha, watoto wanasoma kwa zamu. Nilimwuliza msimamizi mbona tusianze kule. Akasema, "Wewe Mndamba wa Ifakara, umekuja kubeba zege au kugombea udiwani?" Wenzangu wananiita diwani mpaka leo.

Shule niliishia la saba na sikufaulu, lakini hili naliona: aanze yule anayeweza kuangukiwa. Rangi ya kupendeza wapita njia ije baadaye. Wanaopanga wanapita na gari, wanaona kilicho kando ya barabara. Sisi wa ndani tusipowaonyesha, hawajui. Na sisi tunawafichia.

Basi nakuomba, mama, udongo huo kandikia jiko lako. Fagieni uwanja, pikeni wali, ila ukuta muuache. Mshike mhandisi mkono, mpeleke hadi dawati la Sabina, mwambie akae pale kidogo. Aibu hiyo si yako.

Kazi hii ikiisha nakuja, mvua za kwanza zikianza, tupande mpunga pamoja. Nikishuka basi nitapita shuleni kabla ya nyumbani. Kama mafundi watakuwa hawajafika, naomba niukute ule ufa uko wazi.

Mwanao,
Baba Sabina