Boti Iliyorefushwa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na wale watundu wawili hamjambo. Mimi ni mzima kupita kiasi. Jua kwamba unaandikiwa na kichwa kikali kuliko vyote vilivyowahi kuinamia msumeno, na shule nilitoroka kabla ya mtihani. Usicheke, soma.

Unakumbuka boti ya abiria ya Mjomba ilivyokuwa ikiachwa na ile ya Kipara. Mjomba akafunga injini kubwa zaidi. Ikanguruma, ikakaa makalio chini na pua juu, Kipara akatupita akitupungia mkono. Ndipo nikamwambia Mjomba shida si injini. Boti ikisukuma maji, wimbi moja huinuka mbele na jingine nyuma. Ikiwa fupi inakwama hapo kati, kama mtu aliye kwenye shimo alilojichimbia, na ukiongeza moto inahangaika kupanda kilima chake yenyewe. Ikiwa ndefu, wimbi lake nalo ni refu, na wimbi refu lina mbio. Akauliza nimeyasoma wapi. Nikamjibu nimeyaona kwa macho, kusoma nimewaachia nyinyi.

Basi tukaikata katikati kama mkate, tukavuta nusu mbili mbalimbali, tukaongeza kipande chenye urefu wa kitanda. Mjomba alisisitiza jambo moja tu: mkuku, ule uti wa mgongo unaopita chini ya boti, uwe mti mpya, mmoja, mzima, toka mbele hadi nyuma. Akaniachia kazi hiyo, akaenda kutafuta rangi.

Tulipoishusha, dada, ilikwenda. Kipara tulimwacha anakula povu letu, na Mjomba akaniita Injinia mbele za watu. Ila katikati ilikuwa ikilia, mlio mdogo kama mlango wa stoo. Mjomba akasema mbao mpya hulia hadi zizoeane. Tuliporudi, maji ndani ya boti yalikuwa yamefika vifundoni. Akasema zitavimba, zitaziba. Nikaitikia.

Leo asubuhi Mama amepanda kuja kwako, Mjomba akiendesha. Alichagua kiti cha katikati, akisema hapo harushiwi maji. Nilifungua mdomo nimwite, abiria mmoja akaniita Injinia, nikaufunga. Mlio ule niliusikia nikiwa nimesimama nchi kavu.

Simu huko kwenu haishiki, ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa lori anayezunguka kwa barabara. Mama akiwa amefika, mzuie, arudi kwa gari hata akigomba. Mjomba naye asiiwashe ile injini.

Wasalimie watundu, na shemeji pia. Halafu mwambie Mjomba, mimi sitaweza: ule mti mpya niliulaza juu ya mkuku wa zamani, nikaukata sawasawa nao. Ukapungua urefu wa kitanda. Nikaukata nao katikati, nikaunga kipande hapo kwa misumari, nikaziba kwa lami, nikapaka rangi. Kiungo kiko katikati, chini ya kiti cha Mama.

Mdogo wako