Neno Nililomurushia Mugeni

Nchelenge, Jumamosi, Oktoba 1956

Leo joto ni la kukaanga mutu. Moshi wa mashamba yanayochomwa umefunika ziwa, Kilwa, mji wa ng'ambo ya ziwa, haionekani, na upepo hakuna tangu juzi. Sipendi ziwa likikaa hivi.

Nimeshika daftari kwa sababu nimefanya ubaya. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kule ng'ambo nikiwa musichana, darasa mbili tu, halafu wakaniozesha. Atakayecheka herufi zangu aje aandike yeye, kwa mikono iliyopara samaki miaka hamsini.

Mujukuu wangu Chola amekuja kutoka Mufulira, baba yake anakochimba shaba. Ana miaka kumi na nane na hajui kupara samaki. Anamushika kwa vidole viwili kama anashika nepi. Nikasema, basi, leo nitamuonyesha alikotoka. Nikamupeleka Mustari.

Mustari ni yale maduka ya zamani pale bandarini, yaliyojengwa na wafanyabiashara waliokuwa wanavuka na pembe na chumvi kabla mimi sijazaliwa. Kuta ni za udongo, nene, ndani kuna baridi ya kisima. Nilimuonyesha boti la chuma la wazungu wa zamani, lililokufa kwenye muchanga, watoto wanateleza juu yake. Nikamununulia vitumbua kwa rafiki yangu NaBwalya, anayevikaanga pale tangu mafuta yalipokuwa ya karanga tu. Nikamuingiza dukani kwa Mugiriki mwenye gramafoni, tukashika vitenge vinavyovuka ziwa bila kulipa ushuru, ambavyo karani mumoja ninayemujua anamununulia muke wake. Kisha tukaketi barazani kwa Mwape, fundi cherehani, tukanywa munkoyo wa baridi, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi.

"Nkambo, huku kuzuri," Chola akasema.

Nikajisikia kana kwamba nimepajenga mimi.

Lakini watu hawakukaa vizuri leo. Tangu mwezi uliopita habari ni za batumbula, wale wanaosemekana kukamata watu njiani, kuwanenepesha na kuwauza waliwe. Muvuvi mumoja wa kisiwani hajarudi. Labda amezama, lakini nani anataka kusikia kwamba mutu amezama tu? Na kwa Mugiriki imekuja mikebe mipya ya nyama. Mukebe wenye picha ya samaki, ndani ni samaki. Wenye picha ya ng'ombe ni ng'ombe. Hii mipya ina picha ya mutu mweusi anacheka.

Hakuna mwanamuke anayeigusa. Mimi pia siigusi. Naandika ukweli.

Ndipo akatokea yule mugeni. Suruali ya kaki, viatu vizito, tochi kiunoni wakati jua liko utosini. Akanunua mukebe ule ule, akaketi kwenye ngazi za duka, akaufungua, akala kwa ncha ya kisu. Mustari muzima ulimuangalia akitafuna.

Alipomaliza akainuka, akapita mbele ya miguu yangu. Hakuinama, hakupiga makofi ya salamu. Mimi, mwanamuke mukubwa, nimezaa wanane! Nikamusalimu kwanza mimi, ili aone haya. Akaendelea. Nikarudia kwa nguvu. Hakugeuka.

Watu waliona nikidharauliwa. Mujukuu wangu aliona.

Nikapaza sauti ile ninayoitia mitumbwi: "Mutu asiyesalimu wazee ni mutumbula tu! Si mumemuona anavyokula wenzake?"

Nilitaka aaibike. Basi.

Cherehani ya Mwape ikasimama. NaBwalya akatoa sufuria motoni na vitumbua havijaiva. Wanaume waliokuwa wanashona nyavu wakaangaliana. Mugeni alikwenda zake polepole kuelekea nyumba ya wageni, hana haraka, kama mutu asiyesikia lolote nyuma yake.

Chola akanivuta hadi nyuma ya duka, akanibana mukono. "Nkambo, umefanya nini? Yule ni Ba Kaoma. Alikuwa anachimba na baba kule muchimboni. Baruti ilimuharibu masikio. Hasikii kitu."

"Na ile nyama?"

"Ni ng'ombe! Kwetu tunaila kila Jumapili. Ile picha ni ya mulaji."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme saa ngapi? Tangu asubuhi unaongea weye tu."

Ningemuzaba kofi, lakini alikuwa amesema kweli.

Nikarudi kwa Mwape. Barazani walikuwa wamefika wanaume wengine sita, na hawakuja kupima nguo. Nikawaambia nimekosea, nilisema kwa hasira, yule ni kiziwi wa muchimboni, musimuguse.

Mwape hakuniangalia usoni. "Mayo, mama yetu, sasa hivi ulisema lingine. Umerudi na maneno laini. Amekupa nini?"

"Anipe nini, mupumbavu weye? Mimi ndiye niliyekupokea ulipotoka tumboni kwa mama yako!"

Muvuvi mumoja akacheka kidogo. "Balishamufunga kinywa, uyu nkambo. Ni vile batumbula banafanya. Banatupia mutu dawa, anaanza kubatetea."

Wakatikisa vichwa. Walinihurumia!

Miaka yote, nikisema samaki huyu ameoza, hakuna anayemununua. Leo nimesema uongo, wameununua wote. Nimerudi na ukweli, hakuna anayetaka hata kuugusa.

Tulimukuta Ba Kaoma ameketi mulangoni pa chumba chake, kwenye nyumba ya wageni, anatabasamu. Mutu alikuwa amechora musalaba wa makaa kwenye mulango wake. Alidhani ni watoto. Chola akamuandikia kwenye vumbi kwa kijiti, yeye akajibu kwa sauti kubwa ya viziwi: anataka kuvuka ziwa kwenda kwa mama yake muzazi, mugonjwa, lakini wapiga kasia wote watatu wamekataa. Alifikiri wanaogopa moshi.

Nikakitoa kile kijiti mukononi mwa Chola, nikamushika mugeni mukono, nikamupitisha katikati ya Mustari, jua likiwaka. Niliwataka waone. Kwenye ngazi za Mugiriki nikachukua mukebe wenye mutu anayecheka, nikaufungua, nikala mbele yao. Nikameza. Chumvi nyingi, mafuta yameganda, nyuzi za ng'ombe zinaingia kwenye meno.

"Ni ng'ombe!" nikasema, kinywa kimejaa. "Njooni muonje, waoga nyinyi!"

Hakuja mutu. NaBwalya, tuliyefundishwa naye unyumba siku moja, akavuta uso wa mujukuu wake ndani ya kitenge ili asinione.

Sasa kwao na mimi nimekula mutu.

Jua linashuka. Ba Kaoma yuko hapa kwangu, anakula bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, anasifu sombe kwa kelele hadi nyumba ya tatu. Nimemueleza kwa vidole vyangu na kwa vijiti vya Chola. Ameelewa, kwa sababu ameacha kusifu, na mukono wake umesimama juu ya sahani.

Nje ya uzio wameketi wanaume tisa. Wanashona nyavu ambazo hazikuchanika.

Mume wangu aliniachia mutumbwi. Kukipambazuka nitaupiga kasia mwenyewe nimuvushe kwa mama yake, mabega haya bado yapo. Tutatoka kwa mulango wa mbele, mimi nikitangulia, kwa sababu naamini hakuna mutu hapa anayeweza kunipiga ili amufikie yeye.

Naamini. Asubuhi ya leo nilikuwa najua.

Chola ameuliza kama yeye atabaki kuangalia nyumba. Nimemuambia afunge nguo zake. Jana ningemutukana mutu yeyote ambaye angeniambia kwamba nitaogopa kumuacha mujukuu wangu Nchelenge.