Insulini Iliyovishwa Kofia Kichwani

Jumatatu, 4 Machi

Imekufa. Sampuli yangu namba sita, yote, imekufa kifo kibaya! Bwana Subiri (ndivyo tunavyomwita fundi wa seli, maana ukimuuliza lolote anakwambia subiri) amezimiminia seli zake za mafuta leo asubuhi, na seli hazikuigusa sukari. Sifuri. Hata maji ya bomba yangefanya kazi hiyo.

Miezi mitano! Nilitaka kuivisha insulini kofia ndogo ya kemikali, mkiani mwa mnyororo wake mrefu, ili idumu zaidi mwilini. Kofia ya mkiani haidhuru, kila mtu hapa anajua. Sasa mbona imekufa?

Profesa hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema tu ripoti inaondoka tarehe kumi na tano, na kama mama huyu hana cha kuonyesha, benchi lake litapata mtu mwingine. Yaani nirudi kuosha chupa, nilikoanzia miaka tisa iliyopita.

Nyumbani Wifi alikuwa anajichoma sindano yake kabla ya kula. Akaniuliza ile dawa ya kulipumzisha tumbo lake na matundu ya sindano iko wapi, au tumeinywa wenyewe kazini? Nikacheka. Kicheko cha meno tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimerudia hesabu mara tatu. Hakuna kosa. Nina hasira na mtu, sijui nani.

Alhamisi, 7 Machi

Mtu mwenyewe ni mimi!

Kofia huchagua pa kukaa kwa kufuata pH, kile kipimo cha asidi. Kwenye kumi na nusu inakwenda mkiani. Kwenye saba na nusu inakimbilia vichwani mwa minyororo yake miwili, mrefu na mfupi. Leo nimekwenda kuisahihisha mita ya pH, nikaona chupa mbili za kusahihishia, ya saba na ya kumi, zimebadilishana vifuniko. Nani alizifunga mara ya mwisho? Mimi huyu. Na mimi, kwa uvivu, husoma kifuniko, sisomi chupa. Mita yetu kuukuu, ukiiambia hii ni kumi inakuamini. Ilikuwa saba.

Niseme kweli, hapa hakuna anayesoma: wazo la kwanza lilikuwa mwaga, suuza, nyamaza. Nilishaishika tyubu juu ya sinki. Halafu nikasimama. Mkiani haiumi, kichwani inaua — si ndiyo habari yenyewe hiyo? Basi hicho kichwa ndicho insulini inachoshikia seli, au kiko jirani kabisa na hapo!

Nimeikata sampuli vipande, nikavipima uzito kwa mashine. Kipande cha mkia: cha kawaida. Kipande cha mwanzo wa mnyororo mfupi: kizito kwa kofia moja kamili. Nimepiga kelele peke yangu chumbani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia Profesa. Kila kitu, vifuniko na yote.

Kisha akauliza nitajuaje ni kofia iliyoua. Huenda insulini ilipata joto, huenda ilivunjika tu, na maiti ni maiti. Nikamjibu: niivue kofia. Ikifufuka, basi muuaji ni kofia na si kingine. Akaniangalia juu ya miwani. Amenipa mpaka Jumatano. Akasema, isipofufuka, Mama Pacha, unajua. Najua.

Baba Pacha anasema nimejipalia makaa, nani aliniuliza? Tukanuniana mpaka chai ikapoa. Baadaye nikamkuta analipiga pasi koti langu la maabara! Miaka kumi na minne ya ndoa, sijawahi kuona.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimesoma chupa. Kwa sauti, mara tatu, kama mwehu.

Kofia imetoka. Uzito umerudi ule ule wa insulini ya kawaida, mnyororo mrefu na mfupi bado imeshikana. Lakini uzito si uhai. Wifi ameniombea wakati wa kula, nami nikaitikia amina kuliko wote. Nina matumaini, naogopa hata kuyaandika.

Jumatano, 13 Machi

Naandika kwenye kona ya chumba cha seli. Sahani iko ndani ya mashine. Safu tatu, vishimo vinane kila safu: insulini ya kawaida, yenye kofia, na iliyovuliwa.

Safu ya kwanza imesomwa. Tisini, themanini na nane, tisini na moja. Seli zimekunywa sukari vizuri.

Safu ya pili, karibu na sifuri. Mbili, moja, mbili.

Profesa ameingia! Huku hakanyagi kabisa, anasema harufu ya huku inamuumiza kichwa. Amevuta kigoda, amekaa karibu yangu.

Safu ya tatu. Kishimo cha kwanza —

Themanini na nne!

Nimeruka. Profesa anasema kishimo kimoja si ushahidi, tulia, tungoje vyote vinane. Anasema hivyo amesimama wima, na ile themanini na nne ameiandika kwenye kiganja chake. Cha pili kinasomwa. Ananiambia niache kuandika, nisogee, nijionee mwenyewe