Majina Ambayo Padri Hakuyasoma

Bagira, tarehe 11 Agosti 2024

Kwako yaya Fanny, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji Emile na watoto huko Lubumbashi. Kama muko wazima, Mungu asifiwe. Huku bibi yetu, Koko Georgette, anakohoa, lakini mlima wa sokoni bado anaupanda mwenyewe. Mimi diplome ya sekondari nimeipata, asilimia hamsini na nane. Salamu ziishie hapo, maana nina jambo ambalo sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Ile karatasi ya kumsamehe Grégoire, yenye alama ya kidole cha Koko, mimi ndiye niliyemfanya Koko aweke kidole.

Unajua mambo ya kijiji chetu kule Mwenga, lakini acha niyaandike, kwa sababu hapa watu wanayasema vingine. Mwaka 1999 Grégoire alikuwa mkubwa wa askari. Jumamosi alikula sombe, mboga ya majani ya muhogo, jikoni kwa Koko, akaisifu. Jumapili aliwaambia watu wote waingie ndani ya kapela, na askari wake wakafunga mlango. Waliuawa humo thelathini na mmoja, pamoja na tonton Stanislas, mtoto wa Koko, mwenye miaka tisa. Koko alikuwa amechelewa njiani. Aliona yote akiwa shambani, katikati ya muhogo, na sauti iliyotoa amri ilikuwa ya mtu aliyesifu mboga yake jana yake.

Miaka ishirini na mitano Koko amezunguka maofisi akitafuta haki. Tangu niko darasa la tano mimi ndiye macho yake: anasema kwa Kilega, naandika kwa Kifaransa, namsomea tena, anaweka kidole. Halafu miaka sita iliyopita mtu huyo akahamia hapa hapa Bagira, akachaguliwa kuwa mkubwa wa shirika letu, jumuiya ya sala ya mtaa. Koko alimsikia akiongoza rozari, akamtambua kwa sauti. Akamshtaki mahakamani.

Tangu siku ile sisi ni adui wa mtaa. Maman Francine, jirani yetu, anatema mate Koko akipita. Anasema kwa nguvu tusikie, “Vita ilisha kuisha, huyu muzee iko anafukua tu mifupa!” Shuleni waliniita mutoto wa mifupa mpaka siku ya mtihani wa mwisho.

Kwaresima hii shirika lilipita nyumba kwa nyumba kupatanisha waliogombana, kama kila mwaka. Kwetu walikuja watu kumi na wawili, na Grégoire mwenyewe akakaa kwenye kiti cha Koko. Maman Francine alinipa karatasi, akasema, “Musomee, wewe si ulisoma?” Iliandikwa kwa Kifaransa kwamba Koko alimfananisha Grégoire na mtu mwingine, kwamba anamsamehe, na kwamba anaondoa mashtaka.

Koko aliniuliza kwa Kilega inasema nini. Mle ndani hakuna mwingine aliyejua Kilega. Wote walinitazama, na wewe unanijua, mimi hata darasani nilikuwa nashindwa kujibu. Niliogopa. Lakini haikuwa woga tu, Yaya. Nilitaka Pasaka moja ambayo watu wangetusalimia. Nikamwambia ni barua ya kuomba misa ya wafu wetu, Jumapili baada ya Pasaka. Akauliza kama jina la Stanislas limo. Nikasema ndilo la kwanza.

Koko alicheka kwa furaha. Mkono wa Grégoire hakuushika, lakini kidole alikiweka. Watu wakapiga makofi.

Jumapili ile alivaa kikwembe kipya alichokuwa amekiweka kwa ajili ya diplome yangu, akakaa benchi la mbele. Padri alisoma nia za misa: wafu wa watu wengine, shukrani ya mtu aliyepata pikipiki. Akafunga daftari. Koko alibaki amekaa mpaka watu wote walipotoka. Njiani hakuniuliza neno, na mimi, mjinga, nikafikiri amesahau.

Jumanne iliyopita mahakamani, avoka, wakili wa Grégoire, aliinua karatasi ile. Jaji akamuuliza Koko ni nani aliyemsomea. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, naona shingo yake tu. Koko, ambaye miaka yote hii hajawahi kuongeza mfu mmoja juu ya wale thelathini na mmoja, alikuwa ameapa kwa Biblia. Akajibu kwamba hakusomewa na mtu, aliweka kidole mwenyewe bila kuuliza.

Avoka yule alicheka. Akasema, “Basi maman huyu anaweka kidole kwa kila kitu! Hata haya mashtaka, nani anajua aliwekea nini?” Grégoire akatabasamu. Ndipo nilipoelewa kwamba Koko anajua tangu ile misa, na kwamba ameitupa miaka ishirini na mitano ili kunificha mimi.

Namchukia Grégoire. Namchukia Maman Francine, aliyetoka pale akiimba eti Mungu iko muaminifu. Nasali nisiwachukie, halafu nasikia wakicheka barabarani, naanza upya. Lakini si wao waliomdanganya Koko kwa Kilega.

Alhamisi ya tarehe 22 tunarudi mahakamani. Nitasimama. Nitarudia nilichomwambia Koko, neno kwa neno, hata wakinifunga. Halafu nitasoma yale majina thelathini na moja kwa sauti, nikianza na Stanislas. Kila jioni nafanya mazoezi nyuma ya nyumba na bado sauti inakatika kwenye jina la nne, lakini siku zimebaki.

Barua hii anakuletea Jacques, anayesafiri kesho. Wabusu watoto. Na mpaka siku hiyo, Yaya wangu, nakuomba usimwambie mtu yeyote, hata shemeji. Zaidi sana usimpigie Koko simu. Akijua atanikataza, na mimi sijawahi kumkatalia.

Mdogo wako,
Déborah