Kanuni ya Mgeukaji

4 Machi

Dada mpendwa,
Shikamoo. Mguu umepona? Mimi mzima ila situlii: nakaa, nasimama, nafuta nilichoandika. Mchapishaji anautaka mchezo wetu wa mezani mwezi huu, na Mgeukaji bado ananisumbua. Mhusika anayechota nguvu za msitu na kugeuka mnyama yeyote, nani atataka kuigiza mwingine? Nimeongeza kanuni: akiwa mnyama, mchezaji wake hasemi neno. Wajaribishie wachezaji wako hapo dukani.
Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,
Marahaba. Mguu haujambo, ngazi nashuka. Nawe kula, ulale. Kanuni yako imempata mwenyewe. Unamkumbuka kinyozi jirani, mwenye kigugumizi, aliyekuwa akija kututazama tu? Safari hii alimchukua Mgeukaji, akawa fungo, yule mnyama wa usiku kama paka, mwanzo hadi mwisho. Ananusa, anakwaruza meza, sisi mbavu hatuna. Sijawahi kumwona na furaha hivi. Hataki kurudi kuwa mtu, nasi hatumlazimishi.
Dada yako

15 Machi

Dada,
Shikamoo, na pole na kazi. Nimefurahi kwa kinyozi. Lakini mnyama asiyerudi atauharibu mchezo. Nimeweka kikomo: kila baada ya pambano anarudi kuwa mtu, na lazima aseme alichokiona. Mchapishaji ameipenda. Wasomee.
Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,
Marahaba. Hali yako leo siulizi, nimekasirika. Niliwasomea. Kinyozi aliweka dadu chini taratibu, akachukua koti lake, akaondoka. Jana nilipita kwake, akajifanya ananoa mkasi. Huko nje kila mtu anammalizia maneno yake; kwetu alikuwa amepumzika. Ibadilishe, au usiniandikie tena.
Dada yako

23 Machi

Dada,
Shikamoo, hata kama hutaki kuitikia. Kikomo nimekifuta. Mgeukaji abaki mnyama apendavyo. Kazi ni ya wenzake, wazisome ishara zake, na wakikosea wayabebe matokeo. Mchapishaji ameguna, anasema huenda akaukataa mchezo mzima. Nimempelekea hivyohivyo, na sasa hata chai sinywi. Mbembeleze kinyozi arudi.
Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,
Marahaba, na kunywa chai. Amerudi. Jana mchezoni tulifika kwenye daraja, fungo akawa anakwaruza meza na kutuvuta mikono. Tukadhani ana njaa, tukaendelea. Mara akaigeuza kadi yake ya mnyama kifudifudi, akawa mtu. Hakuna aliyemwambia.

"Msi... msi..."

Fundi viatu, mchezaji mwenzetu, akafungua mdomo ammalizie neno. Nikamkazia macho, akaufunga. Tukasubiri. Pikipiki ikaja, ikapita, ikapotea, bado tunasubiri.

"Msivuke. Limeoza."

Kisha akaigeuza tena kadi, akawa fungo, akanusa kikombe changu. Nilibaki na dadu mkononi, machozi yananitoka.

Mchapishaji akikataa, tafuta mwingine. Kwenye kanuni hiyo usiguse hata neno.
Dada yako